Nyumba ya Ishirini na Tisa

Barua ilisainiwa Jumatatu, nikapewa kopo Jumanne:
rangi nyekundu lita nne, brashi ya inchi tatu
na orodha ya nyumba sitini na moja, Bonde la Msimbazi,
kutoka Jangwani kupanda hadi Mkwajuni.
Kazi yangu ni mistari miwili inayokatana.
Hainihitaji mimi. Inahitaji mkono.

Ya ishirini na tisa, nikapiga hodi.
Akatoka Bi Zamoyoni Kinyogoli, fundi wa sare za shule,
futi shingoni, pini tatu mdomoni.
Alizitoa moja moja ndipo akasema.
"Wewe ndiye unayetuvunjia?"
"Mimi nimetumwa, mama."
"Na mto nao umetumwa.
Mwaka ule ulipoingia humu haukuwa na hasira,
ulikuwa unashuka tu kutoka Pugu,
kwa kuwa kule ni juu na huku ni chini.
Mto siulaumu. Wewe nikulaumu?"

Ukutani, mstari wa tope ulipita juu ya cherehani.

Nikaanza kujitafuta.
Nimeshika brashi kwa sababu nimeajiriwa,
nimeajiriwa kwa sababu shemeji anamjua karani,
shemeji kawa shemeji kwa sababu dada alikosa gari pale Fire,
mvua ikamkuta, akagawiwa nusu ya mwavuli;
mvua ni ya mawingu, mawingu ni ya joto,
joto ni la jua, na jua halijawahi kuniuliza kitu.
Nilirudi nyuma kama mtu avutaye kamba kisimani,
nikitaraji mwisho wake kuna ndoo
na ndani ya ndoo, mimi.
Kamba ikaja. Ikaja.
Ikaendelea kuja.

"Barua yako imesema upige hodi?"
Nikaifunua, nikaisoma hadi kwenye muhuri. Haikusema.
"Basi ile hodi ni ya nani?"

Nilitaka kusema: yangu. Neno lilishafika ulimini.
Kisha nikakumbuka kofi la marehemu mama, Temeke,
siku nilipoingia kwa jirani kimya kama paka.
Hata hodi nimepandikizwa. Nikamwambia.
"Kofi hilo ulipigwa peke yako?"
Hapana. Mimi na kaka yangu Mwinjuma, asubuhi moja, mkono mmoja.
Mwinjuma mpaka leo husukuma mlango kwa bega.
"Labda la kwake lilikuwa jepesi," nikasema.
"Labda," akasema.
Akakata uzi kwa meno. "Labda."

Akaniambia yake, bila kuombwa.
Walimpa kiwanja Mabwepande, akakiuza, akarudi.
Watu wakasema kajitakia.
"Wateja huku, shule huku, kule nimshonee nani, nyani?
Nilichagua kama maji yanavyochagua bonde.
Lakini siku ile narudi, godoro kichwani,
nilikuwa naimba. Njia nzima. Sauti mbovu hii hii.
Kuimba kule, nani alinituma?"

Sikumjibu. Tone la rangi likaniangukia kiatuni.

"Lete brashi."

Sheria hairuhusu. Na sijui hata leo
kama nilimpa au alichukua:
nilipoanza kufikiri, vidole vilikuwa vimeshafunguka.
Akaweka futi ukutani, akapima kutoka kona,
akapiga mistari miwili myembamba, iliyonyooka,
kama chaki ya fundi pale mkasi utakapopita.
Zile zangu ishirini na nane, mtaa mzima,
zilionekana kama zimepigwa na mlevi.

"Ya kuvunjwa itavunjwa," akasema, "ila hii nimeiandika mimi."
Akarudisha pini mdomoni. Cherehani ikaanza.
Sikujua kama ameshinda au ameshindwa kwa unadhifu.
Katika orodha nikaweka tiki, kama kawaida.

Nyumba ya thelathini mlango ulikuwa wazi,
ndani hakuna mtu, redio tu inajisemea.
Mkono ulishainuka.
Nikasimama pale, nikiungoja,
nione.